Je, Wajua? Yubari, Mji wa Matikiti ya Mamilioni

Matikiti mawili, shilingi milioni 100
Mei 2019, mnadani Sapporo, Japan, matikiti mawili ya Yubari yalinunuliwa kwa yeni milioni 5. Kwa thamani ya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za Tanzania, tena kwa tunda la kuliwa likaisha! Wafanyabiashara hugombea mavuno ya kwanza ya msimu kwa ajili ya sifa. Yanayofuata bei yake ni ya chini sana. Nyama ya tikiti la Yubari ina rangi ya chungwa na ni laini ajabu, na mbegu zake hulindwa na ushirika wa wakulima wa hapo hapo.

Mpana kuliko Singapore
Mji huu wa kisiwani Hokkaido una kilomita za mraba 763. Mwaka 1960, enzi za makaa ya mawe, ulikuwa na watu karibu 117,000. Sensa ya 2020 ilikuta 7,300 hivi: katika kila watu 16, amebaki mmoja! Mafuta ya petroli yaliyasukuma makaa nje ya soko, na mgodi wa mwisho ukafungwa 1990. Zaidi ya nusu ya wakazi wa leo wametimiza miaka 65.

Mji mzima ulifilisika
Ili kuziba pengo la makaa, halmashauri ilikopa ikajenga vivutio vya watalii, lakini watalii hawakutosha. Kufikia 2007 deni lilipita yeni bilioni 35. Ili kubana matumizi, hospitali ya vitanda 171 ikawa zahanati ya vitanda 19.

Meya aliyeomba treni iondolewe
Suzuki Naomichi alichaguliwa 2011 akiwa na miaka 30, meya kijana kuliko wote Japan wakati huo, kwa mshahara uliopunguzwa asilimia 70. Mwaka 2016 yeye mwenyewe aliiambia kampuni ya reli ifunge njia ya mjini kwake, mradi isaidie kuboresha mabasi. Ujasiri ulioje! Treni ya mwisho ilipita Machi 2019, na mwaka huo huo Suzuki akawa gavana wa Hokkaido.

Tarantino alifika
Mwaka ule ule mgodi wa mwisho ulipofungwa, Yubari ilianzisha tamasha la filamu. Mwongozaji wa filamu Quentin Tarantino alihudhuria 1993, na miaka kumi baadaye katika filamu yake Kill Bill akamwita muuaji mmoja msichana Gogo Yubari. Mji ulipofilisika, fedha za tamasha zilikatwa. Wenyeji wakajikusanya, na 2008 wakalifufua.