Urithi anaoukabidhi Mama Bethune

Mashariki ya jengo la Bunge la Marekani, mjini Washington, kuna bustani iitwayo Lincoln Park. Wakazi wa mtaa huo huenda pale kupumzika na kuchezesha watoto. Katika bustani hiyo amesimama mama mmoja wa shaba, mweusi, mtu mzima mwenye mwili. Mkono mmoja ameshika mkongojo, na mwingine anawanyooshea watoto wawili, wa kike na wa kiume, karatasi iliyoviringishwa.

Huyo ni Mary McLeod Bethune. Sanamu hiyo yenye urefu wa zaidi ya mita 5 ni kazi ya Robert Berks, na ilizinduliwa Julai 10, 1974, siku ambayo mama huyo angetimiza miaka 99. Ilikuwa ya kwanza kumuenzi mwanamke mweusi katika bustani ya umma ya mji mkuu huo.

Msomaji wangu, leo tuitazame ile karatasi. Ile ni wosia. Nasi tunajua neno urithi linavyoweza kuwafarakanisha ndugu waliolala kitanda kimoja.

Nafasi moja, watoto 17

Mary alizaliwa 1875 karibu na Mayesville, jimbo la South Carolina, akiwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17 wa Samuel na Patsy McLeod. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, na baadhi ya kaka na dada zake pia. Yeye alizaliwa huru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa wa kuchuma pamba tangu utotoni.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, kwenye nyumba ambayo mama yake alikuwa akifanya kazi, alishika kitabu. Mtoto wa kizungu akamwambia akiweke chini, kwa kuwa hajui kusoma. Maneno hayo hayakumtoka.

Shule ya misheni ilipofunguliwa, wazazi wake waliweza kumtoa mtoto mmoja tu. Wakamchagua Mary. Wangeweza kusema shamba linahitaji mikono, au kwamba binti ataolewa tu. Hawakusema hivyo. Akawa anatembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, na jioni akirudi anawafundisha wenziwe alichojifunza. Nafasi moja ikawa ya nyumba nzima.

Baadaye fundi wa kushona nguo wa Colorado, Mary Crissman, ambaye hakuwa akimfahamu, alijitolea kumlipia ada ili aendelee na masomo North Carolina. Fundi huyo hakuwa tajiri. Alitoa katika kipato cha sindano yake.

Kisha binti akajiandaa kuwa mmisionari, akitaka kuja Afrika. Akajibiwa kwamba hakuna nafasi huko kwa mmisionari mweusi. Lilikuwa pigo kubwa. Akarudi kusini, akawa mwalimu.

Dola moja na nusu

Oktoba 1904, huko Daytona, Florida, alifungua shule ya wasichana weusi akiwa na dola 1.50 mkononi. Wanafunzi walikuwa wasichana 5 na mtoto wake wa kiume, Albert. Masanduku ya mbao yaligeuzwa madawati, vijiti vilivyoungua vikawa penseli, na maji ya matunda ya porini yakawa wino. Alioka pai za viazi vitamu akawauzia wafanyakazi wa reli. Alipopata kiwanja, kilikuwa jalala.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1923 shule hiyo iliungana na taasisi ya Cookman, na leo ni chuo kikuu kinachobeba jina lake, Bethune-Cookman.

Lakini tusiipambe hadithi hii kupita kiasi. Mumewe, Albertus, aliondoka 1907 akamwachia mtoto na shule. Mama huyo alilazimika kubisha hodi kwa matajiri wa kizungu waliokuja Florida kukimbia baridi, akiwaomba fedha katika nchi ambayo sheria zake zilimtenga. Na usiku mmoja kabla ya uchaguzi, katika miaka ya 1920, kundi la Ku Klux Klan lilifika hadi shuleni kumtisha kwa sababu alikuwa akiwahimiza watu weusi kupiga kura. Hakufunga shule, na kesho yake alikwenda na watu wake kupiga kura.

Rais Franklin Roosevelt alimwita serikalini kusimamia masuala ya vijana weusi. Afrika nayo alikuja kuiona: mwaka 1952 alifika Liberia katika ujumbe wa nchi yake, akiwa na umri wa miaka 76.

Lincoln aligeuzwa

Sanamu ya Lincoln Park haikuletwa na serikali. Ilisukumwa na Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, ambalo Mama Bethune alilianzisha 1935. Walitaka iwe tayari 1963, lakini michango ilichelewa na wakaendelea kuchangishana kwa miaka.

Bustani hiyo ilikuwa tayari na sanamu nyingine, ya mwaka 1876: Rais Lincoln amesimama, na mbele yake mtumwa aliyeachiwa huru amepiga goti. Fedha zake zilitolewa na waliokuwa watumwa. Mwaka 1974 sanamu ya Lincoln iligeuzwa ili imwelekee Bethune. Leo anayeingia pale anaona mtu aliyepiga goti upande mmoja, na upande wa pili mwanamke amesimama, anatoa.

Mwaka 2022 jimbo la Florida nalo lilimweka ndani ya jengo la Bunge, kwa sanamu ya marumaru nyeupe iliyochongwa na Nilda Comas. Ilichukua nafasi ya jenerali aliyepigania upande wa majimbo yaliyotetea utumwa.

Kilichomo kwenye wosia

Mama Bethune alifariki Mei 1955. Kabla ya hapo aliandika wosia kwa watu wake, na sehemu yake imezunguka msingi wa sanamu. Humo hakugawa nyumba wala shamba. Anawaachia upendo, tumaini, kiu ya elimu, kuaminiana, heshima ya utu wao, na wajibu kwa vijana.

Sisemi wazazi waache kununua viwanja. Patsy naye alihangaika hadi familia ikapata shamba lake. Lakini fedha zinapokuwa kidogo na watoto ni wengi, jioni hufika ambapo mzazi lazima aamue nani aende shule na nani abaki. Ukifika hapo, mkumbuke Patsy. Aliyemchagua alikuwa wa 15, tena msichana, na alirudi kila jioni kuwafundisha wenzake.