Kabla ya Paneli ya Tatu

Saa tisa usiku, feni ya hita inaanza kuvuma ndani ya tela. Ni Desemba huko Quartzsite, jangwa la Arizona, Marekani, na baridi ya nje inauma. Kinachowaka ni gesi, lakini feni inayosukuma hewa ya moto hadi kitandani inakula umeme wa betri, ampea 7 hivi kila inapozunguka. Inapozima, mita ya ukutani inasoma volti 12.1. Kwa betri ya asidi, hapo nusu imekwenda, na ukiizoesha kushuka zaidi unaiua taratibu. Mwenye tela anajivutia blanketi na kuamua: kesho naongeza paneli ya tatu ya sola.

Hayuko peke yake. Kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, ardhi ya umma ya La Posa, kusini mwa mji huo, hugeuka kambi ya wanaokimbia theluji, wengi wao wastaafu, na hakuna pa kuchomeka waya wa umeme. 

Mgongoni mwa kila paneli yake pameandikwa wati 200. Namba hiyo ni ya maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25, miale ikizipiga uso kwa uso. Juu ya paa la tela, sharti hilo la mwisho ndilo linaloponza.

Aliyefunga sola Nairobi hajawahi kuumizwa kichwa na jambo hili. Kule jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 65 kutoka upeo wa macho, mwezi wowote ule, kwa hiyo paneli iliyolazwa hupata angalau tisa ya kumi ya miale ya saa hiyo. Quartzsite iko karibu digrii 34 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri linafika digrii 33 tu, na paneli iliyolala inaambulia nusu na kidogo. Na watu huja na matela yao majira hayo hayo, kwa sababu wakati wa kiangazi, jua likiwa utosini, hapakaliki.

Tupige hesabu. Kwa siku moja ya Desemba, paa lililolala hupata nishati sawa na saa 3 hivi za lile jua la maabara. Paneli ya wati 200 inatoa wati-saa 600, na baada ya upotevu njiani betri inapokea labda 500. Sasa rudi kwenye ile feni: wati 85, ikizunguka jumla ya saa 6 usiku kucha, ni wati-saa 510. Paneli nzima imeishia kwenye kusukuma hewa, na bado hujawasha taa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ya tatu, mimi ningeziinua mbili zilizopo. Viguu vya alumini, tela limeegeshwa ubavu ukielekea kusini, paneli zimesimamishwa karibu digrii 57: mbili hizo zinaweza kuzishinda tatu zilizolala. Ila ziachiane nafasi, zisije zikatiliana kivuli.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 zilizoungwa moja baada ya nyingine, na umeme hupita zote kama maji kwenye mpira. Ukanyage mpira sehemu moja tu, uone. Funika seli moja kwa kiganja, jua likiwa kali, huku mwenzako akiangalia mita: namba inaporomoka kana kwamba umefunika nusu ya paneli. Ndani kuna diodi za kuupitisha umeme pembeni ya kundi lililozibwa, lakini kundi hilo lote linapotea. Na paa la tela limejaa vizibo: kiyoyozi, antena, vifuniko vya matundu ya hewa. Paneli ya tatu ikibanwa nyuma ya kiyoyozi ni pambo. Afadhali iwekwe chini, kwa waya mrefu, igeuzwe kulifuata jua.

Waya nao una madai yake. Paneli tatu zikiungwa sambamba hutoa ampea 30 badala ya 10, na joto linalopotea ndani ya waya ule ule huwa mara tisa, si mara tatu. Ukiziunga mfululizo, ampea hubaki 10 na volti ndizo zinazopanda, ila kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iwe ya aina inayoweza kuzishusha. Kumbuka pia kwamba seli za silikoni hutoa volti nyingi zaidi zikiwa baridi. Kontrola iliyonunuliwa kwa kubana senti inaweza kuungua alfajiri ya baridi kali, jua linapochomoza tu, mwenyewe akiwa bado usingizini.

Siku ya kuhama, paneli zilizoinuliwa lazima zilazwe na kufungwa, la sivyo upepo wa barabara kuu namba 10 utazing'oa. Wengine hubandika kikaratasi kwenye usukani wa gari: PANELI!