Kuchora kwa kreyo: namna ya kuanza, hata kwa yule anayesema hana kipaji

Mteja anaagiza kiti kwa fundi wa mbao. Anaeleza kwa mdomo, fundi anaitika. Siku ya kukichukua, mteja anakataa: siyo kile alichotaka. Mbao zimekwisha kukatwa, na hapo ugomvi wa feza unaanza. Mchoro mdogo, uliofanywa mbele ya mteja kabla ya msumeno, unaweza kuzuia hasara kama hiyo. Kwa mshona nguo ni vile vile: kitambaa kikikatwa hakirudi.

Wengi wanasema kuchora ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Lakini misingi yake inafundishika, sawa na kuandika.

Kreyo gani?

Herufi kwenye kreyo zina maana. H ni ngumu, mstari wake ni hafifu. B ni laini na nyeusi: 4B inapita 2B kwa weusi. HB, ile ya wanafunzi, iko katikati, na inatosha kwa kuanza. Tofauti inatoka ndani: grafiti inachanganywa na udongo wa mfinyanzi, na udongo ukizidi, kreyo inakuwa ngumu. Ufundi huo ni wa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795, wakati vita vilizuia grafiti ya Uingereza kufika Ufaransa.

Chora unachoona

Weka ndoo mbele yako. Kila mtu anajua mdomo wake ni mviringo, basi anachora duara kamili, na ndoo inaonekana imepinda. Itazame tena: kwa pembeni, mdomo ule unaonekana mwembamba, umelala kama yai. Chora vile jicho linavyoona, siyo vile kichwa kinavyojua.

Kwa kupima, nyoosha mkono wote, shika kreyo wima, funga jicho moja. Pima upana wa ndoo kwa kidole gumba juu ya kreyo, kisha angalia upana huo unaingia mara ngapi katika urefu wake.

Anza na mistari hafifu, bila kukandamiza, ili gome iweze kufuta. Kisha tafuta mwanga unatoka upande gani. Upande mwingine tia kivuli kwa mistari midogo iliyokaribiana.

Dakika 15 kila siku, kwa vitu vya nyumbani: kikombe, kiti, bidoni. Usitupe michoro ya kwanza. Andika tarehe juu yake, na kisha mwezi mmoja uilinganishe na mipya.