Hofu ya Majibu ya Kipimo cha Neva na Misuli

Kipimo cha umeme wa neva na misuli, maarufu hospitalini kwa kifupi chake, EMG, hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza neva hushtuliwa kwa umeme mdogo kupitia ngozi, na mashine hupima kasi ya ishara inayosafiri ndani yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, kasi hiyo aghalabu hufika mita 50 kwa sekunde au zaidi mkononi, na mita 40 au zaidi mguuni. Kisha sindano nyembamba huingizwa kwenye msuli wenyewe, na daktari hutazama na kusikiliza umeme wake, msuli ukiwa umetulia na ukiwa umekazwa.

Majibu hutoka na jedwali lililojaa tarakimu, na mara nyingi mgonjwa hulisoma kabla hajaonana na daktari. Akikuta mstari mmoja ulioandikwa kwamba uko chini ya kiwango, moyo humruka. Kitaalamu, mstari huo peke yake hauna uzito mkubwa. Mipaka ya kawaida huwekwa kwa kupima watu wenye afya, kisha sehemu ndogo yao, tuseme 2.5 kati ya kila 100, huachwa nje ya mpaka. Vikifanywa vipimo 20 visivyotegemeana, mtu asiye na ugonjwa wowote ana uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukuta angalau kimoja kimevuka mpaka. Baridi nayo hudanganya: kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi mkono unapopoa, kasi hushuka kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo mpimaji makini hugusa vidole na kupima joto la ngozi kwanza. Akikuta mkono umepoa kwa kiyoyozi, huupasha kabla ya kuanza.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Ulielezwa na Jean-Martin Charcot wa Ufaransa katika karne ya 19, na ndio uliompata mwanafizikia Stephen Hawking. Wengi huanza kuuhofia pale msuli unapocheza: kope, shavu la mguu, kidole gumba. Lakini msuli kucheza ni jambo la kawaida mno, hasa baada ya kahawa nyingi, usingizi haba, mazoezi makali au wasiwasi. Hofu huichezesha misuli, na misuli ikicheza hofu huzidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani waliwafuatilia watu 121 waliokuwa wakichezwa na misuli bila dalili nyingine za ALS, baadhi yao hadi miaka 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo.

Daktari mwenye sindano hutafuta kitu kingine: alama za msuli uliopoteza neva yake. Nyuzi za msuli wa namna hiyo hutoa umeme zenyewe hata msuli ukiwa umetulia, na kwenye spika ya mashine husikika kama matone ya mvua juu ya bati. Katika ALS alama hizo husambaa sehemu kadhaa za mwili.

Majibu safi nayo yana mipaka yake. Neva iliyoumia chini ya wiki mbili au tatu zilizopita huenda isionekane kwa sindano, na neva nyembamba zaidi, zile zinazowachoma nyayo baadhi ya wagonjwa wa kisukari, hazipimwi kabisa na EMG.

Kurudia kipimo ili kutuliza moyo tu ni kosa. Ahueni yake ni ya siku chache, halafu shaka hurudi. Hofu ya ugonjwa inatibika kwa ushauri wa kisaikolojia unaolenga fikra na mazoea, nayo inastahili kutibiwa kama maradhi mengine. Dalili za kumrudisha mtu hospitalini haraka ni udhaifu wa kweli: mguu unaoburuta vidole, mkono unaoshindwa kufunga vifungo au kuzungusha ufunguo, ulimi mzito, msuli unaokonda. Zikitokea, aende hata kama EMG ya miezi iliyopita ilikuwa safi.