Bulo ikikatika, usikimbilie nyundo

Ndugu wachimbaji na bamama wa lupango, magari yetu mingi inazeekea kwenye matope ya Lualaba, hapa Mulongo. Umenunua amortisa ya adaptabli, kumbe bulo ya zamani imekufa na kutu.

Usiingize bomba ndefu kwenye kle mara moja. Sugua uzi na burashi ya chuma, mwanga mafuta ya kulegeza, acha mpaka kesho. Kisha legeza kidogo, kaza kidogo, kwenda na kurudi. Moto unasaidia pia, lakini pasha ekru, hapana bulo: ekru njo inatakiwa kupanuka. Amortisa yenyewe usiipelekee moto hata siku moja. Ndani mule muna mafuta na gazi, inaweza kukupasukia usoni.

Ikisha kukatika, toboa katikati sawasawa, kwanza na mesha ndogo ya milimetri 3. Kama kipande kinatokea inje, suda ekru juu yake. Na miwani! Kwenye kazi tunaidai kwa patron, basi na kwa lupango tuivae.

Bulo mupya iingize kwanza na vidole. Ile ya 10 iko na uzi wa 1.25 ao wa 1.5, ukilazimisha na kle, unaharibu uzi wa shasi, na shasi haiuzwe kwa soko.