Sola, betri au jenereta? Piga hesabu hii kabla ya kufunga umeme kwenye gari lako la mnadani

• Anza na vifaa unavyotumia, si ukubwa wa paneli unaouziwa dukani.
• Betri ya bei rahisi inaweza kukugharimu zaidi ndani ya miaka miwili.
• Jenereta ibaki kuwa akiba, na usilale nayo ikiwa inaunguruma karibu yako.

Mwankoko, Singida. Kama unatoka Mwankoko kuzunguka minada, leo Ikungi, kesho Ilongero, keshokutwa Kiomboi, umeme ni sehemu ya mtaji wako. Bila umeme spika haiiti wateja, simu za watu hazichajiwi, mashine ya kunyolea inalala na jioni unafunga biashara mapema kwa sababu ya giza.

Wengi wakishapata hela wanakimbilia dukani na swali moja: "Paneli ya wati 200 bei gani?" Hapo ndipo wanapopigwa, kwa sababu paneli ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kujua unatumia umeme kiasi gani kwa siku.

Wenzetu wa Ulaya wanaosafiri na karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari, wanaanza na hesabu hii hii.

Hesabu yenyewe ikoje?

Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia. Unapata wati-saa. Ukifikisha 1,000, hiyo ni sawa na uniti moja ya Luku.

Mfano wa siku moja ya mnada:

• Taa 3 za wati 5, saa 5: wati-saa 75
• Kuchaji simu 10: kama wati-saa 200
• Spika ya wati 40, saa 5: wati-saa 200
• Mashine ya kunyolea ya wati 15, saa 5: wati-saa 75

Jumla ni wati-saa 550, zaidi kidogo ya nusu uniti.

Sasa ongeza friji ndogo ya kupozea maji na soda. Kwenye joto inaweza kula wati-saa 500 kwa siku, yaani mzigo wako unakaribia kuwa mara mbili. Jagi la kuchemshia maji la wati 1,500 likiwaka dakika 10 tu linakula wati-saa 250. Vitu vya kuzalisha joto, kama jagi, pasi na jiko la umeme, viache nyumbani. Chai ichemke kwa gesi au mkaa.

Paneli: pima kwa futi, usiamini kibandiko

Kanda ya kati ina jua zuri. Kwa hesabu ya tahadhari, chukua saa 5 za jua kali kwa siku. Lakini paneli iliyolala juu ya gari haitoi kila kitu kilichoandikwa, kwa sababu vumbi, joto na kukosa mwelekeo vinapunguza. Hesabu asilimia 70.

Kwa hiyo gawanya 550 kwa 5, kisha kwa 0.7. Unapata wati 157. Nunua paneli ya wati 200 na utakuwa na nafasi ya kupumua. Ukiweka na friji, fikiria wati 300 na kuendelea.

Kuna ujanja wa kugundua paneli feki bila kuwa fundi. Jua kali la mchana linaleta takriban wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za kawaida zinakamata kama moja ya tano yake. Yaani mita moja ya mraba ni wati 200 hivi. Ukionyeshwa paneli yenye upana wa nusu mita na urefu wa mita moja, halafu imeandikwa wati 300, rudisha hela yako mfukoni. Hiyo haiwezi kuzidi sana 100.

Ukishafunga, usiruhusu kivuli. Tawi la mti au turubai likifunika kona moja tu, umeme unaweza kushuka sana. Futa vumbi mara kwa mara, hasa kiangazi, na kaza boliti vizuri maana upepo wa Singida unaujua mwenyewe.

Betri: hapa ndipo hela inapotea

Kosa la kwanza ni kutumia betri ya kuwashia gari kwa taa na spika. Betri ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya kila siku inakufa mapema, na asubuhi gari haliwaki ukiwa porini.

Tafuta betri ya sola. Zipo za aina mbili kubwa.

Ya risasi: Ni nafuu kununua, lakini usitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kwa mzigo wetu wa 550 unahitaji ya volti 12 yenye Ah 100, ambayo ina uzito wa karibu kilo 30. Kwa gari linaloruka mashimo chagua betri kavu, maana ile ya maji inaweza kumwaga tindikali.

Ya lithiamu: Bei yake ni kubwa, ila unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Kwa mzigo ule ule, Ah 60 zinatosha. Hata ya Ah 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13 tu. Tafuta iliyoandikwa LiFePO4.

Ya risasi ikitumika nusu kila siku huhimili takriban mizunguko 500 au zaidi kidogo. LiFePO4 huvuka 2,000. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki anamaliza mizunguko 500 ndani ya miezi 20. Piga hesabu ya betri utakazonunua kwa miaka 5, siyo bei ya leo peke yake.

Usisahau kontrola. Kwa paneli ya wati 200 na betri ya volti 12, ya ampea 20 inatosha. Weka pia fyuzi karibu kabisa na betri, maana waya ukigusana bila fyuzi gari linaweza kuungua.

Gari likitembea, chaji

Alteneta ya gari inaweza kuchaji betri yako ya pili ukiwa njiani. Ila mwulize fundi kwanza: malori mengi, zikiwemo baadhi ya Canter, yanatumia volti 24. Ukiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12 unaiharibu. Kuna kifaa maalumu cha kushusha na kudhibiti chaji, na hicho ndicho cha kununua.

Jenereta iko wapi hapo?

Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili mvua zinanyesha, na siku ya wingu zito paneli inaweza kutoa robo tu ya kawaida au chini yake. Hapo jenereta ndogo inakuokoa.

Kuitegemea kila siku ni habari nyingine. Jenereta ya kilowati moja inakula kama nusu lita kwa saa. Saa 5 ni lita 2.5. Minada minne kwa wiki ni lita 10, na kwa mwezi ni lita 40. Zidisha kwa bei kikomo inayotangazwa na Ewura kila mwezi, utaona faida inavyotoka kwa bomba la moshi.

Na hili ni la uhai: moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Usiiwashe ndani ya gari, chini ya turubai au karibu na dirisha unapolala. Mtu anaweza kusinzia na asiamke tena.

Hela haitoshi kwa vyote?

Fuata mpangilio huu: punguza mzigo kwanza kwa taa za LED na chaja za simu za volti 12, kisha betri nzuri, kontrola na fyuzi, halafu paneli. Friji isubiri. Jenereta azima au changieni na mwenzako mnayezunguka naye, kwa sababu mkiwa na sola iliyopigiwa hesabu mtaihitaji siku chache tu za mvua.