Binti Yako Naye Aweza Kuwa Injinia

Wazazi wengi wa Karagwe na Kyerwa, wakiulizwa watoto wao watakuwa nani, hujibu upesi: huyu mvulana atakuwa injinia au daktari; huyu msichana atakuwa mwalimu au nesi, kama hataolewa mapema. Ualimu na unesi ni kazi njema, wala hatuzidharau. Lakini mbona neno "injinia" twamwekea mvulana peke yake? Je, Mungu alipogawa akili ya hesabu, aliwaruka wasichana?

Leo twataka kueleza habari za vyama vya wahandisi, au mainjinia kama tulivyozoea kusema: vinafanya kazi gani, na kwa nini vimejishughulisha na kuwasaidia wanawake. Tena twataka kusema jambo moja ambalo vyama hivyo haviwezi kulifanya, nalo limo mikononi mwetu sisi wazazi.

UFUNDI SI KITU KIGENI KWETU

Mtu asidhani kwamba uhandisi ulikuja na Wazungu pamoja na baiskeli. Huko Katuruka, katika Buhaya, wachunguzi wa mambo ya kale walifukua tanuru za kuyeyushia chuma zilizotumika yapata miaka 2,000 iliyopita. Na hapa kwetu Karagwe, Stanley alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye vyombo vya chuma na shaba, akastaajabu.

Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Mhunzi alifundishwa na mhunzi. Kijana alianza kwa kuvuta mivukuto na kubeba makaa, akiangalia wakubwa wanavyofanya, mpaka siku moja wakamwamini na nyundo. Hicho ndicho kiini cha chama cha ufundi: wanaojua humlea asiyejua, kisha humshuhudia mbele ya watu kwamba sasa anajua.

Lakini palikuwa na mwiko. Wakati wa kuyeyusha chuma, wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuru. Tanuru zile zilizimika zamani, na watoto wetu hawajui tena kuzijenga. Ufundi wenyewe tumeupoteza, lakini mwiko wake bado tunao vichwani.

MHANDISI HUFANYA NINI?

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka. Askari wetu walikuwa tayari kupigana, lakini mto Kagera uliwazuia. Ilibidi wahandisi wa jeshi watandike daraja la kuelea juu ya maji, ndipo jeshi likavuka. Siku ile kila mtu alielewa thamani ya mhandisi.

Siku za amani twasahau. Lakini tazameni Murongo: juu ya mto ule ule, mpakani mwa Kyerwa na Uganda, kumejengwa kituo cha umeme cha Kikagati-Murongo chenye uwezo wa megawati 14. Tazameni barabara, bomba la maji, mnara wa simu, mashine ya kukoboa kahawa. Kila kimoja kilipigiwa hesabu na mtu aliyekaa darasani, akafundishwa Hesabu na Fizikia.

CHAMA NA BODI

Katika Tanzania yako mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi hii ni ya serikali. Iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1968, na sheria mpya ikatungwa mwaka 1997. Kazi yake ni kuandikisha wahandisi na kuwasimamia, ili mtu asiye na elimu asije akajenga ghorofa likaanguka juu ya watu. La pili ni Taasisi ya Wahandisi Tanzania, iliyoanza mwaka 1975. Hii ni chama cha wahandisi wenyewe, cha kukutana, kufundishana na kusaidiana.

Kijana anayetoka chuo kikuu na shahada yake bado hajakamilika. Hapana budi afanye kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, na kazi zake ziandikwe na kukaguliwa. Ni kama padre kijana anayetumwa kwanza kuwa msaidizi wa paroko. Tangu mwaka 2003 Bodi ina mpango maalumu wa mafunzo hayo. Serikali ya Norwei ilitoa fedha ili mabinti waliohitimu uhandisi wapate nafasi katika mpango huo na posho ya kujikimu. Na ndani ya Taasisi ya Wahandisi kuna tawi la wanawake, ambalo hufanya makongamano na kuwatia moyo wanafunzi wa kike wapende sayansi.

Wengine watauliza: kwa nini wanawake wapewe tawi lao? Je, si ubaguzi? Jibu lipo katika historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wa Uingereza walikwenda vitani, na wanawake wakaingia viwandani. Walitengeneza mashine na risasi, wakaonekana wanaweza. Vita vilipokwisha waliambiwa warudi nyumbani, hata sheria ikatungwa mwaka 1919 ya kuwarudishia wanaume kazi zile. Mwaka huo huo wanawake saba wakaanzisha chama cha wahandisi wa kike, mmoja wao akiwa Rachel Parsons. Chama hicho kingali hai. Huko Marekani wanawake walianzisha chao mwaka 1950. Hawakuvianzisha vyama hivyo kwa kuwachukia wanaume. Walivianzisha kwa sababu mtu mmoja akifukuzwa mlangoni huondoka akilia, lakini kumi wakisimama pamoja mlango hufunguliwa.

MFANO WA CHONYONYO

Tusiende mbali mno. Hapa Karagwe, shirika la Mavuno limefanya kazi miaka mingi pamoja na chama cha wahandisi wa Ujerumani kiitwacho Ingenieure ohne Grenzen, maana yake Wahandisi Wasio na Mipaka, kilichoanza mwaka 2003. Pamoja walijenga matangi ya kuvuna maji ya mvua, wakafanyia majaribio mitambo ya gesi ya kupikia inayotokana na migomba na mabaki mengine ya shamba. Na huko Chonyonyo walishirikiana kujenga shule ya sekondari ya bweni ya wasichana.

Katika kazi hizo alikuwamo mwanamke, Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Yeye alichunguza jambo ambalo wengi wangeliona aibu kulitaja: jinsi ya kuua vijidudu katika kinyesi cha choo kwa joto, kisha kukichanganya na mkojo, masalio ya makaa na takataka za shamba kiwe mbolea. Udongo wetu una upungufu wa fosforasi, na mbolea hiyo iliirudisha. Mahindi yakazaa vizuri zaidi kuliko pasipo mbolea. Basi, mwanamke mhandisi alianzia jikoni na chooni, akaishia shambani. Ni nani ajuaye shida za kuni, maji na shamba kuliko mabinti zetu? Wao wakipata elimu, watatatua shida ambazo mwanaume huenda asizione.

AMBALO CHAMA HAKIWEZI

Sasa twafika kwenye neno lenyewe. Bodi humsaidia binti aliyekwisha kupata shahada. Chama humpokea aliyekwisha kuwa mhandisi au aliye chuoni. Ni kama ngazi ndefu: wao wamesimama juu wakinyosha mikono. Lakini vidato vya chini viko Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Nyaishozi na Kayanga, katika nyumba zetu. Kidato cha chini kikivunjika, mkono ulio juu haumfikii mtu.

Vidato hivyo huvunjikaje? Binti hurudi shule saa kumi, akaenda kuteka maji, akatafuta kuni, akamenya ndizi, akamwogesha mdogo wake. Kaka yake wakati huo anacheza mpira, kisha anasoma. Mwisho wa mwaka twasema, "Mnaona? Wasichana hawawezi hesabu." Huo si ushahidi wa haki. Kahawa ikiuzwa, mvulana hununuliwa vitabu kwanza. Fedha zikibaki, msichana naye atakumbukwa. Akifika kidato cha tatu akasita kuhusu Fizikia, twamwambia aiache, ni ngumu. Siku hiyo tumemfungia mlango wa uhandisi, naye hana habari.

Baba atasema, "Kazi ile ni ya nguvu." La, baba. Mizigo hubebwa na mashine. Mhandisi hubeba hesabu. Na kama ni nguvu, nani apandaye kilima na ndoo ya lita 20 kichwani? Mama atasema, "Akisoma sana nani atamwoa?" Mwanaume mwema hamwogopi mke mwenye akili. Afadhali achelewe kuolewa kwa heshima kuliko kuwahi kwa kukosa la kufanya.

Si kila msichana atakuwa mhandisi, kama vile si kila mvulana. Wengine watakuwa mafundi sanifu, nao Bodi huwaandikisha pia. Wengine watajifunza umeme au useremala katika vyuo vya VETA. Twaomba tu kwamba kipimo kiwe kipaji cha mtoto, kisiwe sketi au suruali.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kazi za nyumbani zigawanywe. Mvulana akiteka maji hapungukiwi na kitu. Pili, baba anapotengeneza baiskeli au taa ya sola, amwite binti ashike spana na kuuliza maswali. Tatu, akina mama wa WAWATA na viongozi wa parokia wamwalike mhandisi wa kike azungumze na vijana baada ya Misa, ili wamwone kwa macho yao.

Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake apate kujua kila kazi ya ufundi. Ufundi ni kipaji kitokacho juu, na Bwana wetu ametuonya habari ya mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Mtumishi yule alifukia ya kwake mwenyewe. Sisi tutajibu nini tukiifukia ya mtoto? Basi, mzazi mpendwa, jioni ya leo mwombe binti yako daftari lake la Hesabu. Hata kama hujui kusoma yaliyomo, mwambie akueleze. Kisha mwache akae karibu na taa, na ndoo ya maji mpe kaka yake.